Jua Likiwa Mgongoni

Kituo cha Msitu
9 Julai

Wifi,

Usishtuke. Najua ulisema hutaki kuona mwandiko wa mtu wa ukoo wetu mpaka unaingia kaburini, na ulisema mbele ya watu, na mimi nilikuwa pembeni yako nimekushikia mkoba. Lakini aliyekuacha ni kaka. Mimi sijakuacha, wala hakuna karatasi iliyonivua uwifi. Soma kwanza, kisha uchane.

Naandika barua kwa sababu mtandao wa huku ni wa kubembeleza, na nasikia barua pepe za ofisini kwenu kaka, huyo Daktari wenu, huzisoma kabla ya wenyewe. Mkoba wa posta ukija na gari la kituo hauna macho.

Jambo lenyewe ni hili. Tumeletewa tangazo la kaka, na picha yake amekunja mikono kifuani utadhani msitu huu aliupanda yeye. Anasema setilaiti imeonyesha kwamba kiangazi kikikolea, msitu wetu ndipo unapozidi kuwa kijani. Eti jua linapokuwa jingi miti inafurahi na kuchipua majani. Kwa hiyo ukame hauutishi, na mbao zinaweza kuvunwa bila wasiwasi. Kitalu cha kwanza cha kuvunwa ni Mteremkoni.

Wifi, anayepanda mnara wa kutazamia msitu huu ni mimi. Mteremkoni napaona kila siku ya kazi, masika na kiangazi, na nimetandaza nyavu chini ya miti ile kukusanya majani yanayoanguka. Hiyo furaha ya kiangazi sijaiona. Majani ni yaleyale. Sasa ama mimi nimeanza upofu, ama setilaiti inaona kilevi. Wewe ndiye unayetengeneza hizo picha, niambie nani kati yetu anaona vibaya.

Kamati ya vibali itakaa wakati wowote. Pale Mteremkoni kuna miti mirefu ambayo nimeishi nayo muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume yeyote, na hakuna hata mmoja ulionisumbua. Ikiangushwa kwa sababu ya tangazo la kaka yangu, sijui nitamfanya nini.

Wifi yako utake usitake,
Kima

*

Chumba cha Printa
17 Julai

Wifi (nimelipokea neno, ila usilizoee),

Nimecheka mpaka fundi akaja kuuliza kama mashine imeharibika.

Fanya hivi. Una ile tochi ya kichwani unayopandia mnara, na una lile zulia la manyoya marefu nililokupa, kama hujampa paka. Funga madirisha chumba kiwe giza. Vaa tochi kwenye paji la uso, ulitazame zulia kutoka juu. Utaliona liko safi, linang'aa, rangi moja. Halafu ivue tochi, inyooshe kwa mkono mbali pembeni, kichwa kibaki palepale. Utaona kila unyoya umetupa kivuli chake kwa mwenzake, na zulia zima limefifia. Je, limenyonyoka? Tochi tu ndiyo imehama.

Setilaiti ni jicho na jua ndilo tochi. Jicho linapita juu yenu saa ileile kila mara, lakini jua linahama mwaka mzima. Kiangazi chenu kikifika mwisho, jua linakaa mgongoni mwa setilaiti, kama tochi kwenye paji lako. Kila kivuli kinajificha nyuma ya tawi lililokitupa. Msitu unaonekana unameremeta, na mtu asiyejua anasema majani yameongezeka. Macho yako ni mazima, wifi.

Dawa ipo. Unazirudisha picha zote kwenye jua moja, kana kwamba tochi haikuhama kabisa. Njia hiyo nimeitunga mimi, kwenye meza yetu ya kulia, nikiwa bado mke wa mtu. Ukiitumia, ukijani wote wa kiangazi unayeyuka.

Sasa utauliza kwa nini Daktari hakuitumia. Unakikumbuka kikao cha kutusuluhisha? Mama yenu yuko kwenye kochi, wajomba wamejipanga ukutani. Mjomba mmoja akamuuliza kama kazi yangu haikumsaidia kupata cheo. Kaka yako akasema, "Huyu kazi yake ni kubonyeza vitufe." Mwezi huohuo nikahamishiwa huku kwenye printa. Nikamfuata ofisini kumuuliza kama atahitaji na maelezo ya picha. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Niletee picha tu."

Basi nampelekea picha tu.

Kila faili lina picha mbichi na picha iliyosahihishwa. Yeye hutaka ya haraka, na ya haraka ni mbichi. Hajauliza, sijasema. Mwaka mzima namtazama akipanda ngazi, na anayemshikia ngazi ni mimi. Tarehe kumi na mbili Septemba ana mkutano mkuu, wageni watajaa, na yeye ndiye msemaji wa siku. Mimi nitakaa nyuma karibu na mlango. Wakati wa maswali ukifika nitainua mkono.

Nataka afike juu kabisa kwanza. Nimeivumilia hamu hii muda mrefu na sioni aibu kukwambia kwamba inanipa usingizi mzuri.

Mbonyeza vitufe

*

Kituo cha Msitu
26 Julai

Wifi wangu mwenye sumu,

Nimefanya kama ulivyosema. Mpishi wa kituo aliingia akanikuta mchana kweupe nimefunga madirisha, nimepiga magoti na tochi kichwani, akadhani nimepoteza pete. Nikamwonyesha. Akalala chini na yeye. Sasa kila anayekuja kula anapelekwa kutazama zulia langu.

Nikwambie ukweli, nilipomaliza kusoma barua yako nilipiga kofi mezani kwa furaha. Huyu kaka amenikalia rohoni. Ni yeye aliyenibatiza Kima nikiwa mdogo, na mpaka leo akiniita hivyo mbele ya wageni hucheka peke yake. Ripoti yangu ya majani ya mwaka jana aliichapisha, na jina langu likawa limeanguka njiani. Na sasa ameandika kwamba mnara huu ni gharama isiyo na faida, kwamba setilaiti inatosha. Nataka nimwone akitoa jasho. Nataka suti ile imbane.

Lakini nijibu jambo moja, na unijibu bila mzaha. Kamati ya vibali inakaa lini? Kama ni baada ya mkutano wenu, mwache apande, hata mimi nitakuja kushika ngazi upande wa pili. Kama ni kabla, nakuomba useme leo, kwa yeyote, hata kwa mlinzi wa getini. Kisasi chako nakiunga mkono kwa moyo wote, ila kisilipwe kwa miti yangu.

Kima

*

Chumba cha Printa
4 Agosti

Wifi,

Kamati inakaa Oktoba. Kalenda nimeiona kwa macho yangu. Tulia.

Sasa nikupe burudani. Ukuta kati yangu na ofisi yake ni mwembamba, na kila siku baada ya chai namsikia akifanya mazoezi ya hotuba. Kuna mahali anasema, "Msitu unatabasamu," kisha anakaa kimya ili watu wapate nafasi ya kupiga makofi. Anaurudia ukimya huo mpaka unamtosha. Ameniagiza nimchapie ramani kubwa ya ukutani, nikamchagulia karatasi inayong'aa kuliko zote. Akaniuliza kama rangi ya kijani inaweza kukolezwa kidogo. Nikamwambia haina haja, mheshimiwa, imejikoleza yenyewe.

Amemwalika na mama yenu. Amemnunulia viatu vipya na atakaa safu ya mbele. Hilo limenichoma kidogo, sitakuficha. Lakini nikakumbuka kwamba mama alikuwa kwenye lile kochi, akasikia nilivyoitwa, na alichofanya ni kuniomba nimpitishie sukari.

Mbonyeza vitufe

*

Kituo cha Msitu
18 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Najua una mambo mengi na mkutano unakaribia. Nina swali fupi, naomba usinicheke.

Hizo picha za kiangazi, zimesahihishwa jua? Uliza kabla hujasimama mbele za watu. Muulize aliyezitengeneza, umuulize kwa adabu, na usimame pale mpaka akujibu. Sisemi zaidi ya hapo, na nimeshasema zaidi ya nilivyokusudia. Unaniudhi, na sijakusamehe habari ya ripoti yangu. Lakini tumenyonya titi moja, na mama atakuwa amekaa mbele.

Kuna jingine. Tangu juzi nasikia mlio wa mashine upande wa Mteremkoni. Niambie ni watengeneza barabara.

Mdogo wako,
Kima

*

Ofisi ya Mkurugenzi
29 Agosti

Mdogo wangu Kima,

Marahaba. Nimeguswa na wasiwasi wako, ingawa ni wasiwasi wa mtu anayetazama msitu kutoka tawi moja. Wewe unaona mti, mimi naona nchi nzima kwa mara moja. Ndiyo maana tunazo setilaiti.

Kuhusu picha, ondoa shaka. Kamati ya vibali ilikutana tarehe kumi na moja mwezi huu na Mteremkoni pakapitishwa bila kipingamizi, kwa hiyo hiyo mashine unayoisikia iko kazini kihalali. Na nikwambie jambo litakalokufurahisha. Ramani iliyowekwa mbele ya kamati ililetwa na kubandikwa na mtalaka wangu mwenyewe, ambaye najua wewe bado unamwita wifi. Mwenyekiti, kwa heshima, alimuuliza kama ana la kuongeza. Akasema, "Hapana." Sasa fikiri. Jinsi mwanamke yule anavyonichukia, ramani ingekuwa na kasoro angenyamaza?

Kuhusu mnara, tutazungumza baada ya mkutano. Jiandae kisaikolojia.

Kaka yako,
Mkurugenzi
(muhuri)

*

Chumba cha Printa
13 Septemba

Wifi, wifi, wifi,

Imekwisha. Laiti ungekuwepo!

Alipanda. Suti ya kijivu, tai ya kijani, usinicheke, ya kijani. Akaonyesha ramani yangu ukutani. Akasema msitu unatabasamu, akanyamaza, na makofi yakaja kweli. Nilimwacha ayanywe mpaka tone la mwisho. Wakati wa maswali nikainua mkono. Akaniona, akajifanya hakuniona, lakini mwendesha mkutano akanipa kipaza sauti.

Nikauliza swali moja: "Picha hizi ni mbichi au zimesahihishwa jua?"

Akacheka. Akasema yule dada anashughulika na printa. Nikasema ndiyo, na nimekuja na hizi, nikafungua picha zilizosahihishwa, mwezi kwa mwezi, kijani kilekile toka mwanzo wa mwaka hadi mwisho. Nikawaeleza tochi na zulia kama nilivyokueleza wewe. Wageni walianza kunong'onezana. Mzee mmoja wa safu ya pili akavua miwani, akamuuliza Daktari kwa upole kabisa kama alijua. Alikuwa ananitazama mimi. Akaikunja hotuba yake, akaitia mfukoni.

Mama yenu alipiga makofi. Alinitambua sauti, akageuka, akafurahi kuniona, akapiga makofi peke yake katika ukumbi mzima. Sidhani alielewa kilichotokea. Hapo nilitamani kidogo ardhi inimeze, lakini haikudumu.

Asubuhi hii amesimamishwa kazi. Mimi nimeitwa kukaimu. Naandika haya na masanduku yangu yako tayari kutoka chumba cha printa. Nina furaha, wifi. Ni furaha mbaya na ninaipenda.

Wifi yako mwenye cheo

*

Kituo cha Msitu
24 Septemba

Wewe,

Mkoba wa posta ulichelewa kwa sababu magari ya mbao yameivuruga barabara, ikafungwa. Kwa hiyo nimepokea barua mbili siku moja, ya kaka na yako. Ya kaka nimeisoma kwanza.

Uliniambia Oktoba. Kalenda umeiona kwa macho yako, ulisema. Kumbe kamati ilikaa Agosti, wiki moja tu baada ya kunidanganya, na wewe ulikuwa ndani. Umebandika ramani kwa mikono yako. Mtu mzima amekuuliza waziwazi kama una la kuongeza, na ukajibu hapana! Neno moja lingetosha. Huwezi kuniambia hukuulizwa.

Mimi huku nilikuwa nasikia mashine nikijidanganya kuwa ni za barabara. Nilipopanda mnara niliona mwanya, kesho yake mwanya mwingine. Wanaangusha miti mirefu. Naisikia ikianguka kabla sijaiona, na mnara unatikisika miguuni mwangu. Nimekwenda kuwazuia, msimamizi wao akanionyesha kibali, na nyuma ya kibali wamebana ramani yako inayong'aa.

Umemwaibisha kaka, sawa, alistahili. Umemwaibisha mama, ambaye hakuelewa, akakushangilia. Lakini mimi nilikuwa upande wako. Nilikuomba jambo moja tu.

Usiniandikie.

*

Ofisi ya Kaimu Mkurugenzi
10 Novemba

Wifi,

Umenikataza kuandika, nikatii kwa wiki nyingi. Leo nina habari njema na siwezi kukaa nayo.

Kwanza nijitetee, halafu unitukane. Ndiyo, nilijua ni Agosti. Ningesema kwenye kile chumba kidogo, mbele ya watu sita na sahani ya biskuti, unajua kingetokea nini? Angesema, "Ahsante kwa angalizo," angebadilisha picha jioni ile, na Septemba angepanda jukwaani na njia yangu mkononi akiiita yake. Ningerudi kwenye printa. Nilihitaji ukumbi, wifi. Nilijua mkutano ukiisha kibali kitasimamishwa, na kweli kimesimamishwa. Nilipiga hesabu kwamba kwa wiki zile chache wangekuwa wamefungua njia tu.

Na hesabu imetoka vizuri! Nimepata picha mpya ya Mteremkoni. Nimeisahihisha mwenyewe, jua lilelile moja, hakuna ujanja wa tochi hapa. Ni kijani kuliko mwaka jana. Inang'aa. Najua uliniandikia kwamba wanaangusha miti, lakini ulikuwa na hasira, na hasira inatia chumvi. Ni wazi walikata michache pembeni na msitu umeziba pengo. Umelia bure, dada yangu, na mimi nimekosa usingizi bure.

Tarehe kumi na tano Desemba nitaiwasilisha picha hii mbele ya kamati. Kampuni ya mbao inadai ilivuna kwa uangalifu, na lazima nikiri kwamba picha inawaunga mkono. Itakuwa taarifa yangu ya kwanza nikiwa kwenye kiti hiki. Njoo ukae safu ya mbele, tafadhali. Tusameheane.

Wifi yako

*

Kituo cha Msitu
20 Novemba

Kaka,

Shikamoo. Mama ameniambia unashinda umekaa na redio imezimwa. Nakuletea kitu cha kukuchangamsha.

Yule bibi ameniandikia. Amepata picha ya Mteremkoni, ameisahihisha kwa njia yake maarufu, na anasema ni kijani kuliko mwaka jana. Anaenda kuitangaza kwa kamati tarehe kumi na tano Desemba. Nilimwambia kwa mkono wangu kwamba wanakata, akasema nimetia chumvi. Ameamini picha.

Kaka, hakuna mti mrefu hata mmoja uliobaki. Walichukua ile yote iliyokuwa imechomoza juu ya wenzake, ile iliyokuwa ikitupa vivuli. Chini yake ilibaki midogo, na mitambaazi imelipuka kwa pupa ilipoliona jua, ikafunika visiki. Juu pamekuwa sawasawa, utadhani zulia limenyolewa. Nimenyoa zulia langu mwenyewe kwa mkasi ili kujihakikishia. Popote utakapoishika tochi, linang'aa. Njia yake inasahihisha jua lililohama. Kuhusu miti iliyoondoka, njia hiyo haijui lolote.

Nimekaa na jambo hili siku nyingi na sikumwandikia. Amesema niende nikae safu ya mbele. Nitaenda, ila nitakaa nyuma karibu na mlango kama alivyokaa yeye, na nyavu zangu tupu kwenye mkoba. Nitamwacha aseme mpaka mwisho. Nitamwacha apigiwe makofi. Kisha nitainua mkono. Njoo tukae wote, kaka. Vaa ile tai.

Na usimwambie mtu. Hakuniuliza walikata ipi.

Kima

*

Nyumbani kwa Mama
27 Novemba

Kima,

Marahaba, mdogo wangu. Umenichekesha, mara ya kwanza tangu ule mkutano. Mama amekuja mlangoni kuona kuna nini.

Natamani sana kuwa pale. Nimeshaivuta picha kichwani: uso wake, kile kipaza sauti, wewe umesimama. Nimeifurahia siku nzima. Hata tai nimeitoa sandukuni.

Halafu nikawa nakunja barua yako nikakumbuka kitu. Ile orodha ya vitalu niliiandika mimi, kwa mpangilio. Kamati ikiridhika kwamba Mteremkoni ni salama, kibali kinafunguka papohapo na mashine zinahamia kitalu cha pili bila kikao kingine. Nililiweka sharti hilo mwenyewe, ili kazi isicheleweshwe na maneno ya watu kama wewe. Utainua mkono, watu watapiga kelele, wataunda kamati ndogo. Wenye misumeno hawatasubiri kamati ndogo.

Kitalu cha pili ni Mnarani.

Ripoti yako ya majani ilikuwa nzuri. Jina nililitoa mimi, halikuanguka.

Kaka

*

Kituo cha Msitu
3 Desemba

Wewe uliyekuwa wifi yangu,

Dereva ameahidi kukukabidhi hii mkononi. Soma ukiwa umekaa.

Nilikuwa nimekuandalia siku yako. Nataka ulijue hilo, kwa sababu sitaki udhani nakuandikia kwa huruma. Nilikuwa nikufanyie ulichomfanyia kaka, hatua kwa hatua, na nilikuwa na furaha ileile mbaya uliyonisimulia. Bado ninayo. Nikiiacha inaniuma kama jino.

Usiipeleke ile picha. Mteremkoni panang'aa kwa sababu hapana kivuli, na hapana kivuli kwa sababu miti mirefu yote imelala. Kilichobaki ni mitambaazi na vichaka vya kimo kimoja. Chukua zulia lako ulinyoe, kisha ulimulike unavyotaka. Nilikuandikia Septemba kwamba wanaiangusha, ukaona karatasi yako inajua kuliko macho yangu. Kaka alifanya hivyohivyo. Mngekaa mkaoana tena, mnafaana.

Kamati ikiipokea picha hiyo, misumeno inakuja Mnarani kesho yake. Kwa hiyo sina anasa ya kungoja uipande ngazi, wala sina ukumbi. Ningekuwa nao sijui ningefanya nini, na namshukuru kaka kwa kuniambia jambo ambalo mimi na wewe hatukulifikiria. Ni aibu kumshukuru kaka.

Tarehe kumi na tano mwenyekiti atakuuliza kama una la kuongeza. Sasa unalo, umepewa na mimi, na huwezi kusema hukuambiwa. Utasimama mbele ya watu walewale useme picha yako imekosea, kwa mdomo wako, bila mimi kuinua mkono. Hicho ndicho kisasi nilichobakiwa nacho. Sijakusamehe.

Naandika nikiwa juu ya mnara. Jua liko mgongoni mwangu, na Mteremkoni panameremeta kama ulivyosema, kijani kitupu toka juu hadi chini. Nimetafuta kivuli kimoja cha kupumzishia macho, sijakiona.

Kima